R kwenye seva ya Linux ya kukodi: uzoefu wangu nikiwa Mtwara

Kazi yangu ni kuchambua data za kilimo na kaya za Mtwara na Lindi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika kwenye seva ya wingu yenye Ubuntu 24.04 (aina ya Linux), si kwenye kompyuta iliyo mezani. Programu ninayotumia ni R, lugha ya kuchambua takwimu. Ni ya bure, chanzo chake kiko wazi, na toleo la 1.0.0 lilitoka Februari 2000, kwa hiyo karibu kila mbinu ya takwimu utakayoihitaji imeshaandikiwa pakeji, yaani nyongeza ya R. Kwa mtu anayetegemea bando la simu na umeme unaokatika, naona mpangilio huu unaishinda kompyuta mpakato ya bei kubwa. Ila ukiufunga vibaya utakutesa, na mateso yenyewe yanajulikana.

Faida ya kwanza ni bando. Kati yako na seva zinapita herufi unazobonyeza na majibu yanayorudi, basi. Pakeji seva inazipakua yenyewe. Madodoso yakishatumwa KoboToolbox (huduma ya kukusanya data za utafiti mtandaoni) kutoka Tandahimba au Liwale, seva inayavuta huko moja kwa moja kwa amri ya curl, bila kupitia simu yako. Unachopakua ni jedwali la mwisho na picha za grafu, KB chache tu. Faili ikiwa kubwa na lazima isafiri, tumia rsync -zP badala ya scp: mtandao ukikatika katikati, ukiirudia amri inaendelea pale ilipoishia.

Ukubwa wa seva ndipo wengi wanapokosea. R huweka data yote kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), na kila namba ya desimali inachukua baiti 8. Mistari milioni 2 yenye safu 30 ni MB 480 hata kabla hujafanya lolote, na ukianza kuchuja na kuunganisha majedwali R inatengeneza nakala. Mimi nahesabu RAM mara tatu ya data. Kwa hiyo seva ya GB 1, ile ya bei ya chini kabisa, haikufai kwa mfano huo. Anza na GB 4. RAM ikiisha, Linux inaiua R na unaona neno moja tu, Killed. Usianze kuitafuta hitilafu kwenye skripti yako: andika sudo dmesg | grep -i killed, utaona kama ni kumbukumbu iliyokwisha. Data za utafiti wa kaya mia nne hazihitaji haya yote. Kompyuta yoyote ya kawaida inazimaliza, na hela ya seva ni heri ubaki nayo.

Usakinishaji. Amri ya sudo apt install r-base kwenye Ubuntu 24.04 inakupa R 4.3.3, inayotosha kazi nyingi. Ukitaka toleo jipya zaidi ongeza hazina ya CRAN, ghala rasmi la R na pakeji zake. Tatizo lenyewe liko kwenye pakeji. Kwenye Windows, install.packages() inaleta pakeji iliyokwisha kukompailiwa, yaani iliyogeuzwa tayari kwa mashine. Kwenye Linux, CRAN inakuletea chanzo, na seva inaanza kukompaili yenyewe. Pakeji ya sf ya ramani inagoma ikikosa libgdal-dev, libgeos-dev, libproj-dev na libudunits2-dev, na zile zenye C++ nyingi zinaishiwa RAM katikati ya safari. Njia ya mkato ni kuzichukua kwa apt: r-cran-sf, r-cran-lme4, r-cran-data.table. Zinaingia kwa dakika chache pamoja na vyote zinavyovitegemea. Kwa pakeji zisizopatikana huko, washa swap kwanza (sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa): sudo fallocate -l 4G /swapfile, kisha chmod 600, mkswap na swapon juu ya faili hiyo, na uiandike kwenye /etc/fstab ili isipotee seva ikiwashwa upya.

Kwa kuunganisha, usifanye kazi ndefu bila tmux, programu inayobakiza kazi yako hai kwenye seva hata ukikatika. Andika tmux new -s korosho, anzisha R humo ndani, kisha bonyeza Ctrl-b halafu d. Umeme ukikatika Shangani au mnara ukipotea, modeli inaendelea kukokotoa huko iliko, na ukirudi unaandika tmux attach -t korosho. Juu yake naweka mosh, inayovumilia mtandao wa kukatika kuliko ssh (njia ya kawaida ya kuingia kwenye seva) na inayoonyesha herufi zako hata jibu la seva likichelewa. Inahitaji milango ya UDP kuanzia 60000 hadi 61000 ifunguliwe kwenye ufw, ukuta wa usalama wa Ubuntu, na pia kwenye ukuta wa mtoa huduma. Wengi wanasahau huo wa pili. Wanaopenda RStudio Server (R ndani ya kivinjari), msiuache mlango 8787 wazi kwa dunia nzima. Andika www-address=127.0.0.1 kwenye /etc/rstudio/rserver.conf, kisha pita kwa ssh -L 8787:localhost:8787. Mosh haibebi njia hiyo, lazima ssh yenyewe.

Ukizima nywila za ssh ubaki na funguo, hakikisha kweli zimezimika. Kwenye Ubuntu za wingu mara nyingi kuna faili dogo ndani ya /etc/ssh/sshd_config.d/ linaloandika PasswordAuthentication yes, nalo linasomwa kabla ya mistari yako, hivyo mabadiliko yako hayana nguvu. Amri ya sudo sshd -T | grep passwordauthentication inakuambia ukweli.

Mtego unaotuhusu sisi zaidi uko kwenye majina ya kwetu. Chukua kata ya Ng'apa, Lindi. Ukisoma faili kwa read.table yenye sep = "\t", R inaihesabu ile alama ya ng' kuwa mwanzo wa nukuu, kisha inameza mistari yote hadi ikutane na alama nyingine kama hiyo. Alama hiyo ikiwa kwenye safu ileile, idadi ya safu inalingana na R haisemi neno: kaya mia mbili zimegeuka kaya moja. Onyo la "EOF within quoted string" linatokea alama ya mwisho ikikosa mwenzake. Dawa ni kuandika quote = "\"" au kutumia fread ya data.table, halafu kulinganisha nrow() na wc -l ya faili, ukitoa mstari wa vichwa. Na bado hujamaliza. Simu nyingine huandika alama iliyopinda, kwa hiyo kwenye jedwali Ng'apa inatokea kama kata mbili. Safisha kwa gsub("\u2019", "'", kata) kabla ya kujumlisha chochote, na fanya hivyo hata kwenye swali la mifugo, maana ng'ombe nao wamo.

Kwa kasi, Linux inaipa R kitu ambacho Windows haina: mclapply inagawa kazi kwenye kori kadhaa (viini vya prosesa) kwa kuzaa michakato pacha. Kwa jaribio la dawa za ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, lenye modeli kama lmer(mavuno ~ dawa + (1 | bloku)), kurudia sampuli mara 2000 kwenye kori 4 kunapunguza muda kwelikweli. Ila weka OPENBLAS_NUM_THREADS=1 kabla ya kuanzisha R (OpenBLAS ni maktaba ya hesabu ambayo R inaweza kuitumia). Usipofanya hivyo, kila mchakato unaweza kuita nyuzi (threads) zake, zinagombea kori zilezile na kazi inakuwa nzito kuliko ya kori moja.

Saa ya seva kwa kawaida ni UTC, nasi tuko saa tatu mbele. Kazi ya cron (kipanga ratiba cha Linux) uliyoandika 0 3 * * * ukitegemea saa tisa usiku itaanza saa kumi na mbili asubuhi, watu wakiwa wanaisubiri ripoti. Andika sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam, kisha uiwashe upya cron.

Kabla data haijavuka mpaka, ondoa majina, namba za simu na namba za vitambulisho. Bakiza msimbo wa kaya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inagusa pia usafirishaji wa taarifa nje ya nchi, na seva nyingi tunazokodi ziko Ulaya au Afrika Kusini.

Malipo mara nyingi ni kwa dola, na kadi ya benki au kadi pepe ya kwenye simu inahitajika. Soma vizuri kipengele cha kuzima: kwa baadhi ya watoa huduma seva iliyozimwa inaendelea kulipiwa yote, kwa wengine unalipia diski tu. Msimu wa korosho ukiisha na minada ikifungwa, mimi nachukua nakala ya diski, nahakikisha inawaka kwenye seva mpya, ndipo naifuta ile ya zamani.