Moshi wa Vichwa vya Rangi: Nunua Kipanuzi Kabla ya Baruti Ghali

Nilipofika risasi ya sita, shabaha ikapotea machoni. Moshi mtupu. Jamaa wa kibanda cha jirani akakohoa kwa adabu, kisha akakohoa bila adabu. Ukumbi wenyewe wa kulengea shabaha ni wa ndani, hapa Houston, na bastola yangu ya milimita 9 ilikuwa inafuka kama koroboi ya utambi mrefu.

Nikafanya anavyofanya kila anayejijazia risasi nyumbani: nikailaumu baruti, nikanunua ya bei mbaya. Moshi ukapungua. Haukuisha. Tangu niutaje mkasa huu, wasomaji kadhaa wameniandikia kuwa nao wamepita njia hiyohiyo, mkebe juu ya mkebe.

(Huku Marekani sheria ya nchi inakuruhusu kujijazia risasi za kutumia mwenyewe, leseni ni kwa anayetaka kuuza. Walio Mombasa na Dar, someni kwa burudani tu. Huko kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai.)

Kiswahili chetu nacho kina mtego hapa: risasi ni ile inayopigwa, na risasi ni madini yenyewe. Basi kile kinachoruka nitakiita kichwa. Kichwa cha rangi, ndicho nilichokuwa napiga siku ile, ni madini ya risasi yaliyovikwa ngozi ya polima, kama ile ya Hi-Tek inayotoka Australia, kisha yakaokwa kwenye tanuri kwa nyuzi kama 200 za selsiasi. Ngozi hiyo inafunika mpaka kitako, kwa hiyo gesi ya moto haiyagusi madini. Ikichubuka, umelipia rangi bure.

Na inachubuliwa na nani? Na wewe mwenyewe, mezani kwako. Kichwa cha rangi cha milimita 9 kwa kawaida kina unene wa inchi 0.356, cha kuvikwa shaba ni 0.355. Tofauti ni elfu moja ya inchi, lakini vipanuzi vingi (vile vyuma vya kufungulia mdomo wa ganda) vinavyokuja na mashine ya kujazia vimepimwa kwa cha shaba. Mdomo wa ganda haufunguki vya kutosha, kichwa kinasukumwa kwa nguvu, na ukingo wa ganda unakikwangua kama kisu kinavyomenya muhogo. Ukikipiga, madini yaliyo uchi yanajipaka ndani ya mtutu na mengine yanatoka na moshi. Moshi huo una sumu ya risasi inayoingia kwenye damu, kwa hiyo usiuchukulie kuwa ni kero ya macho tu.

Namba moja ya kununua, basi, ni kipanuzi cha ngazi mbili. Lyman M ndicho ninachotumia. Wenye mashine ya Dillon wanakipenda cha Mr. Bulletfeeder, na sina ugomvi nao. Ngazi ya ndani inapanua ganda, ya mdomoni inalifungua kidogo zaidi, na kichwa kinakaa wima mdomoni kabla hakijasukumwa, basi. Ukishakifunga kipanuzi mashineni, jipime: chukua ganda lisilo na fataki (kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) wala baruti, tia kichwa, bana mdomo, kisha kivue kwa nyundo ya kuvulia. Ukiona pete inayong'aa kiunoni mwa kichwa, ongeza kupanua au punguza kubana. Kubana ni kurudisha tu mdomo uliokuwa umefunguka, upana wake wa nje uwe inchi 0.378 hadi 0.380 hivi. Wapo wanaobana kana kwamba kichwa kitatoroka.

Baruti sasa. Mimi ni mtu wa Vihtavuori N320 ya Finland na sitajifanya nina mizani ya haki. Msingi wake ni nitroselulosi bila nitrogliserini, moto wake ni wa kiasi, rangi haiungui sana. Ya pili ni Sport Pistol ya Alliant, iliyotengenezwa kwa kufikiria vichwa vya rangi; tatizo ni kuipata. Titegroup ya Hodgdon ni ya bei nafuu na ratili moja inakwenda mbali, lakini ina nitrogliserini na moto wake ni mkali. Kwa uwanja wa wazi wenye upepo, sawa.

Kipimo fuata kitabu cha mtengenezaji wa baruti, na cha baruti moja usikihamishie nyingine. Wanaoshindana USPSA, chama cha mashindano ya bastola cha Marekani, wanapenda kushusha nguvu mpaka karibu na kile kiwango cha chini cha 125 (uzito wa kichwa mara kasi yake, gawa kwa elfu) ili bastola isiruke. Baruti ikikosa shinikizo haiungui yote, na isiyoungua inageuka masizi na moshi.

Vichwa vyenyewe nitakuwa mfupi, kwa kuwa nina donge. Nilinunua elfu moja kwa muuzaji ambaye simtaji. Nikalowesha kitambaa kwa asetoni, ileile ya kutolea rangi ya kucha, nikasugua. Kitambaa kikawa chekundu. Rangi iliyookwa sawasawa haitoki hivyo. Nikapiga simu, nikaambiwa "ni kawaida, dada." Kurudisha mzigo, nauli juu yangu. Siku hizi naagiza mia kwanza, nasugua vitano, nagonga viwili kwa nyundo nione kama ngozi inabanduka, ndipo nazungumza habari ya elfu.

Na ile ada ya mzigo wa hatari! Baruti na fataki zikisafirishwa hutozwa kwa kila boksi. Duka moja lilinigawia oda yangu mara mbili, fataki Jumatatu, baruti Alhamisi, ada mara mbili, bila hata kuniuliza. Sasa tunaagiza watu wanne pamoja, mzigo unashukia kwangu, na anayechelewa kutoa mchango wake ndiye anayefagia maganda Jumamosi.