Runx ya kilomita 263,000: shokapu, boljointi na wishboni za mbele baada ya miezi saba

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo tupo na gari langu mwenyewe, hii Toyota Runx ya 2004, injini 1NZ, dashibodi inasoma kilomita 263,000 na ushee. Miezi saba iliyopita nilibadilisha karibu kila kitu cha chini mbele, kuanzia shokapu, boljointi (kile kiungo cha duara kinachoshikanisha wishboni na upande wa tairi) mpaka wishboni (ule mkono wa chuma wa chini unaopanda na kushuka na tairi), nikawaahidi nitarudi kuwaambia kipi kimedumu na kipi kimeniangusha, sasa nimerudi na gari limeshatembea kilomita 9,000 toka siku ile.

Kwanza mjue lilikuwa na hali gani. Ukipita kwenye rasta za Morogoro Road ilikuwa kama mtu ametia kokoto kwenye debe anatikisa, ka-ka-ka-ka mpaka rasta ziishe. Ukiingia kashimo kadogo tu unasikia "ngo" moja nzito chini ya miguu ya abiria. Ukikata usukani gari limesimama, kule juu ya shokapu kitu kinalia kriii halafu kinaruka. Na tairi la kushoto lilikuwa limeliwa upande wa ndani mpaka nyuzi zinataka kuchungulia, ukiliangalia kwa nje unaona tairi zima kabisa.

Naombeni sana, usikubali kuambiwa "badilisha shokapu" kabla gari halijapigwa jeki. Tairi likiwa juu shika kulia na kushoto utikise, likicheza angalia tairodi endi (kiungo cha mwisho cha fimbo ya usukani, pale inaposhika upande wa tairi) au reki endi (kile cha ndani, kwenye reki ya usukani). Shika juu na chini, likicheza inaweza kuwa beringi au boljointi, sasa ili ujue ni ipi chukua nondo, weka chini ya tairi uinue, mwenzako aangalie pale boljointi inapoingia kwenye nako, kile chuma kinachobeba tairi, pakipanda na kushuka boljointi imekufa. Shokapu yenyewe unaiangalia kama inatoa oili, mimi ya kulia ilikuwa imelowa mpaka vumbi limegandamana kama tope. Ile kriii ya juu ni mauntingi, kile kikalio cha juu ya shokapu chenye beringi ndani, watu wengi wananunua shokapu mpya wanarudishia mauntingi ya zamani halafu wanasema shokapu ni mbovu.

Tuje kwenye spea. Shokapu niliweka KYB zile Excel-G, ni za gesi, mbili za mbele kwa pamoja. Kwa kweli hizi nimezipenda. Sio laini kama godoro, wiki ya kwanza niliona kama gari limekuwa gumu kidogo, kumbe nilikuwa nimeshazoea gari linaloyumba kama mtumbwi. Sasa hivi nikifunga breki pua hailali, nikipita tuta linapanda mara moja, linashuka, limetulia. Nimezimulika jana na tochi, kavu kabisa. Mauntingi na dasti buti (mpira wa kuzuia vumbi kwenye shokapu) nilinunua mpya pia, na ile kriii haijarudi hata siku moja.

Boljointi na tairodi endi ni za kampuni ya 555 ya Japani, na hapa sikilizeni vizuri kwa sababu feki zimejaa. Pea ya kwanza niliyonunua Kariakoo ilikuwa na boksi zuri tu na maandishi yote, lakini nilipofika nyumbani nikaishika ule mguu wake nikausukuma kwa kidole ukaanguka wenyewe upande wa pili. Boljointi mpya haitakiwi iwe hivyo! Inatakiwa iwe nzito, uisukume kwa nguvu na iende taratibu bila kukwama, na ukiiachia ibaki palepale. Nilirudisha, nikatafuta duka jingine, nikaomba nifungue boksi palepale kaunta kabla sijatoa hela. Zile za pili mpaka leo hazina mchezo hata kidogo, nondo imepita, tumetikisa, kimya. Wakati wa kufunga usisahau kota pini, kale kapini ka kukunja, na usirudishie ya zamani, ile ni kitu cha hela ndogo sana na ndiyo inayozuia nati ya boljointi isifunguke barabarani.

Tairodi endi wakati wa kutoa hesabu mizunguko, yangu ilitoka kwa mizunguko 19 nikaingiza mpya 19, gari likaweza kutembea mpaka kwenye wili alaimenti bila kuvuta. Alaimenti ni lazima hata kama usukani umenyooka, maana ukishalegeza zile bolti mbili kubwa za shokapu kamba (camber, yaani tairi linavyolala ndani au nje) inahama, na matairi yako yataliwa tena kimyakimya.

Sasa wishboni, hapa ndipo roho yangu ilipo. Miaka miwili nyuma nilibadilisha bushi za wishboni gereji fulani, zikachanika ndani ya miezi minne. Nikalaumu spea, nikanunua za bei kubwa zaidi, zikachanika tena. Kosa halikuwa spea. Bushi ni mpira ulioshikana na bomba la chuma katikati, ukikaza bolti lile bomba linabanwa halizunguki tena, kinachojipinda wishboni ikipanda na kushuka ni mpira wenyewe. Sasa fundi akikaza gari likiwa juu ya jeki, tairi linaning'inia, mpira umeshikwa ukiwa kule chini. Ukishusha gari mpira unajipinda na unabaki umejipinda usiku na mchana hata kama gari limepaki, ni kama nguo uliyoikamua halafu hukuiachia. Hapo hata uweke bushi ya dhahabu itachanika.

Safari hii tulifunga bolti zote kwa kushika tu bila kukaza, tukaweka jeki chini ya wishboni karibu na boljointi, tukapandisha mpaka gari likaanza kuacha stendi yake, yaani uzito umekaa kama lipo barabarani, ndio tukakaza. Gereji yenye shimo ni rahisi zaidi, shusha gari kwenye matairi yake, ingia chini, kaza. Inaongeza dakika kumi tu jamani!

Na kwa wenye otomatiki kama mimi, upande wa gearbox ile bolti ya mbele ya wishboni haitoki, inagonga gearbox, ikabidi tushikilie injini na tushushe krosmemba (ule mhimili wa chuma wa chini ya injini) kidogo, kwa hiyo mwambie fundi mapema mkubaliane bei ya ufundi, asije akakata bolti na grainda. Springi ya shokapu pia, tafuteni gereji yenye kifaa cha kubana springi, nimeona watu wanafunga kwa kamba na waya, ile springi ikifyatuka inaua mtu.

Bushi zipoje leo? Ngoja nisogeze kamera. Mnaona hapa, mpira mzima, hauna hata mstari, na hii ndio ya kushoto iliyokuwa inachanika kila mara, kilomita 9,000 na njia ya kwangu nusu ni ya vumbi na mawe.

Kilichoniangusha ni stablaiza linki, vile vifimbo vifupi vinavyounganisha stablaiza na shokapu. Hela ilikuwa imeniishia nikachukua za bei rahisi, na hii ya kulia buti lake limeshapasuka, grisi imetoka nje, nikipita rasta taratibu naanza kusikia ka-ka ndogo. Jumamosi natoa zote mbili naweka 555 kama zile nyingine. Kama na wewe una Runx, Allex au Spacio ya umri huu na umeshatumia linki nyingine iliyokaa zaidi ya mwaka, niandikie hapo chini jina lake na kilomita ulizotembea nayo.