Mafuta ya breki kwanza, pedi baadaye: ununue nini kabla ya kuingia Dubai Autodrome

Mzunguko wa nne wa uwanja huo wa mbio za magari, mwisho wa ile njia iliyonyooka, nilikanyaga breki mguu ukazama mpaka sakafuni. Nikapampu mara tatu, presha ikarudi kidogo, gari likasimama nje kabisa ya lami. Impreza yangu ilikuwa na pedi mpya na diski mpya. Nusu saa baadaye, ilipopoa, pedeli ilikuwa imara tena, na fundi akaapa kwamba gari halina kasoro.

Kasoro ilikuwa kwenye mafuta ya breki. Siku ile nilikuwa nimetia DOT 4, yaani daraja mojawapo la mafuta ya breki, niliyonunua Sharjah, chupa iliyokwisha kufunguliwa. Muuzaji, mtu wa pwani kama mimi, aliniambia, "Dada, DOT 4 ni DOT 4." Si kweli.

Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani, na fukuto la Ghuba tunalijua. Kiwango cha chini cha DOT 4 ni kuchemka kwa nyuzi 230 yakiwa mapya. Yakishaingiwa na maji asilimia 3.7, yanachemka kwa 155. Na kasi ikiongezeka maradufu, joto la kusimamisha gari huongezeka mara nne: kusimama kutoka kilomita 160 kwa saa si sawa na kutoka 80 njiani kwenda kazini. Yakichemka, mvuke hujaa kwenye kalipa, kile kifaa chenye pistoni kinachobana pedi kwenye diski, na mvuke hubonyea, kwa hiyo mguu unabana mvuke badala ya kusukuma pistoni. Yakipoa, mvuke hutoweka. Ndiyo maana fundi haoni kitu. Shika tofauti hii: pedeli ikilegea, shuku mafuta; ikiwa ngumu lakini gari halisimami, pedi ndizo zimezidiwa na joto.

Namba moja kwangu ni Motul RBF 600, na sifichi kwamba naipenda. Mapya huchemka kwa 312, yakiwa na maji 205, na huuzwa kwa chupa ya nusu lita, kwa hiyo mabaki ni machache. Chupa mbili zinatosha kubadilisha mfumo mzima wa gari la kawaida. Castrol SRF ni bora kuliko yote kwenye kipimo cha kuchemka yakiwa na maji, na anayekimbiza gari kila mwezi aichukue, lakini bei yake inauma. Ya tatu ATE Typ 200, nyuzi 280 na 198, chaguo zuri kwa anayeanza. DOT 4 za bei ya chini ni za mjini.

Pedi: Ferodo DS2500. Zinang'ata hata zikiwa baridi, jambo ambalo pedi za mashindano matupu haziwezi, nawe bado unalitumia gari hilohilo kupeleka watoto shule. Zizoeshe kwanza kwa kupunguza mwendo mara kadhaa bila kusimama kabisa, kisha ziache zipoe. Kalipa kubwa za kupendezesha gurudumu zisubiri. Mafuta mabovu yatachemka humo pia.

Badilisha mafuta yote kabla ya siku yako ya kwanza uwanjani, kisha toa upepo kwenye mfumo wa breki kila baada ya siku kama hiyo, kwa mpangilio wa magurudumu ulio kwenye kitabu cha gari lako. Yakimwagikia rangi ya gari, osha kwa maji hapohapo, maana yanaibabua. Mzunguko wa mwisho uendeshe polepole breki zipoe, na ukiegesha usivute handibreki, weka gia.

Kinachonikera ni maduka. Wanapanga chupa dirishani juani, wanafungua moja kumwonyesha mteja rangi, kisha wanairudisha rafuni na kumuuzia mwingine kwa bei ileile. Mtu wa Mombasa au Dar anayeagiza spea kupitia Sharjah hana njia ya kujua. Sasa mimi hufungua kifuniko mbele ya muuzaji baada ya kulipa, na lakiri ya karatasi isipokuwepo, nadai pesa zangu palepale. Wiki jana nimekataa chupa mbili. Ya tatu ilikuwa nzima, nikaondoka nayo.