Kwa miguu kutoka Ngezi hadi mnara wa Kigomasha, Pemba

Wageni wengi wa Ras Kigomasha hupakiwa kwenye gari, wakashushwa kwenye mnara wa taa ya kuongozea meli, wakapiga picha, basi. Hiyo ni kuikosa rasi yenyewe. Kule kaskazini kabisa ya Pemba ni kwa kutembea, tena uwahi maji yakiwa yamekupwa.

Kutoka Chake Chake nilipanda daladala hadi Konde, kisha bodaboda mpaka lango la msitu wa Ngezi. Hapo unalipa kiingilio na kupewa mwongozaji. Msiione pesa hiyo nyingi. Wangu, kijana wa Makangale, aliijua miti ile kama majirani zake. "Dada, tazama huu," akanishika mkono nisipite: mpapindi, jamii ya minazi na mitende, shina limezungukwa na pete juu hadi chini. Kwa asili unaota Pemba tu. Mbele kidogo akaokota tunda lililotafunwa, kumebaki makapi. "Kazi ya popo hiyo." Popo wa Pemba wamewindwa sana kwa kitoweo, hadi miaka ya 1990 ikahofiwa watatoweka. Sasa wameongezeka, na yeye anajivunia hilo waziwazi. Mimi pia nilifurahi mno.

Msitu ni mbichi, kuna giza na ubaridi. Ukitoka, unapokewa na mwanga wa Vumawimbi, pwani ndefu ya upande wa mashariki. Hapa ndipo saa inapokuwa na maana. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukupwa kwenye saa nne asubuhi, na mchanga ulioachwa na bahari unakuwa mgumu, unatembea bila kuzama. Nilivua viatu na kushika njia ya kaskazini, ngalawa zimelala ubavu, hakuna muziki wala wapiga debe. Ukichelewa, maji yanakusukuma juu kwenye mchanga laini, na magoti yatakueleza.

Baadaye njia inaacha pwani na kukatisha kwenye minazi na mashamba ya muhogo. Bibi mmoja aliyekuwa akipalilia aliitikia shikamoo yangu, akashangaa: "Marahaba mwanangu, jua lote hili kwa miguu?" Akaniita nikae kivulini mwake, tukazungumza mpaka jasho likakauka. Mkiwa mnapita huko vaeni nguo za heshima. Kaptula ziacheni hotelini, mnapita kwenye viambo vya watu.

Mnara wenyewe ni wa chuma, uliwekwa na Waingereza zaidi ya miaka 100 iliyopita. Ngazi ni nyembamba na ndani kuna joto, shika chuma vizuri. Juu ndiyo unaelewa uko wapi: mashariki maji ni kijani hafifu juu ya miamba, magharibi yanageuka buluu nzito, kwa sababu mkondo wa Pemba, yaani bahari kati ya kisiwa na bara, una kina cha mamia ya mita. Rasi yote iko chini yako, na mahali ulipotoka unapaona.

Natoa nyota nne kati ya tano. Moja nimeizuia kwa sababu mbili. Njiani sikuona kibao hata kimoja baada ya msitu, na pale njia inapoacha pwani, mtu asiye na mwongozaji atapotea. Pili, chupa za plastiki zilizoletwa na bahari zimejaa kwenye mstari wa maji makuu, na pwani nzuri kama ile haistahili.

Maji ya kunywa yabebeni kutoka Konde. Bodaboda ya kurudi pia ipatanieni hukohuko Konde, kwenda na kurudi, na nusu ya pesa ilipwe mwisho. Mimi nilitafutia usafiri mnarani na nikatajiwa bei maradufu. Msimu wa masika msiende, njia ya msituni huwa tope tupu.