Uzoefu wangu: kurudi kwenye riwaya za Kiswahili baada ya miaka 12

Nilianza tena kusoma riwaya kwenye foleni ya pantoni. Nafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini Dar es Salaam, nakaa Kigamboni, kwa hiyo kila jioni navuka pale Magogoni. Siku hiyo watu walikuwa wengi na simu yangu ilikuwa imekwisha chaji. Mkononi nilikuwa na Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, niliyoinunua mchana kwa shilingi elfu nne kutoka kwa kijana anayetandika vitabu vya mitumba chini, juu ya turubai. Niliinunua kwa sababu nililikumbuka jina tu. Nikaifungua ili muda uende. Nilipofika ng'ambo sikupanda bajaji. Nilikaa kwenye benchi la muuza kahawa, chini ya taa yake, nikasoma mpaka alipoanza kukusanya vikombe.

Ilikuwa imepita miaka 12 bila mimi kumaliza riwaya hata moja. Tangu jioni ile nimesoma tisa, nyingine nikizirudia na nyingine nikizisoma kwa mara ya kwanza. Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyekuwa akipenda kusoma, akaacha, na sasa anajiuliza aanzie wapi na pesa yake aiweke kwenye kitabu gani.

Kidato cha tano na sita riwaya zetu zilikuwa Vuta N'kuvute, Kufikirika ya Shaaban Robert, Mfadhili ya Hussein Tuwa na Usiku Utakapokwisha ya Mbunda Msokile. Nilifaulu vizuri. Lakini nilichosoma zaidi ni uchambuzi, vile vijitabu vinavyokupangia kila kitu: dhamira, ujumbe, falsafa, wahusika, mtindo, mandhari. Kwenye Vuta N'kuvute, Yasmin alikuwa mfano wa ndoa ya kulazimishwa. Denge alikuwa mfano wa mwanamapinduzi. Mwajuma alipewa mstari mmoja, kwamba ni mpenda starehe mwenye huruma. Niliukariri, nikauandika kwenye mtihani, nikapata alama zangu.

Sasa nimekutana na Mwajuma mwenyewe. Hadithi iko Unguja, enzi za Mwingereza. Yasmin ni binti wa Kihindi wa miaka 15 aliyeozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka, mwanamume wa umri wa kumzaa. Anapomkimbia, jamaa zake wenyewe wanamkataa. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo, ule upande wa mji wa Unguja ulio nje ya Mji Mkongwe, mpenzi wa taarabu, ambaye hana cha kugawa ila chumba chake. Na anakigawa.

Mimi nilipokuja Dar mara ya kwanza nilipokewa hivyohivyo na rafiki yangu Mbagala. Chumba kimoja, kitanda cha nne kwa sita, jiko la mchina mlangoni. Hakuniuliza hata siku moja nitaondoka lini. Akipata maharage tunakula maharage, akikosa tunalalia chai. Nilikaa kwake miezi saba. Uchambuzi usingeweza kunionyesha hilo nikiwa na miaka 18, kwa sababu nilikuwa bado sijalala kwenye kitanda cha mtu. Kesho yake baada ya kusoma sehemu hiyo nilimpigia simu rafiki huyo. Tuliongea karibu saa nzima, na kitabu sikukitaja.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni huu: anza na kile ulicholazimishwa shuleni. Usianze na kile wasomi wanachokisifu, wala kilichotoka juzi. Majina ya watu na mahali unayakumbuka kwa mbali, kwa hiyo kurasa hamsini za mwanzo, ambazo ndizo zinazomshinda mtu aliyeacha kusoma, zinapita bila shida. Halafu unagundua ulikuwa umepewa mifupa bila nyama. Vuta N'kuvute imetengenezwa pia filamu, aliyoiongoza Amil Shivji, ikaonyeshwa Toronto mwaka 2021. Ni filamu nzuri ya kutazama, lakini nawaomba msome kwanza, kwa sababu mazungumzo ya Adam Shafi yana sauti ambayo ni vizuri kuisikia kichwani mwako kabla hujaisikia kwa mwigizaji.

Sasa nizungumzie nakala zenyewe, maana hapo niliumia. Ile ya mitumba ilikuwa imechakaa na mtu ameipigia mistari kwa kalamu nyekundu, ila ilikuwa kamili. Nikataka na mpya ya kuweka nyumbani. Nikaenda dukani, sitalitaja, nikalipa, nikafika nyumbani na kuiweka kabatini. Wiki tatu baadaye mke wangu ndiye aliyekuwa akiisoma, akaniita: "Baba Nuru, mbona hapa hadithi imerudi nyuma?" Kurasa 16 zilikuwa zimejirudia na nyingine 16 hazimo kabisa. Vitabu huchapwa kwenye karatasi kubwa, ikakunjwa ikatoa kurasa 16 au 32, kisha mafungu hayo hupangwa na kuunganishwa. Mpangaji akichukua fungu moja mara mbili, fungu lililotakiwa kufuata linabaki mezani. Nilipoirudisha nikaambiwa kitabu kikishatoka dukani hakirudi. Tangu hapo sitoi pesa kabla sijapitisha kidole kwenye namba za kurasa tangu mwanzo hadi mwisho. Inachukua dakika tatu. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Zile PDF zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp nimezijaribu na nimeziacha. Nyingi ni picha za kurasa zilizopigwa kwa simu, mstari wa pembeni umekatika, ukurasa mwingine una kivuli cha kidole. Na nilipofikiria kwamba mwandishi hapati hata shilingi, nikazifuta.

Baada ya hapo nikachukua Kuli, ya Adam Shafi huyohuyo, ya mwaka 1979. Hii niliisoma kazini, na sijui kama nitaweza kusema sawasawa ilivyonifanya. Ni hadithi ya Rashidi na wachukuzi wa bandari ya Unguja, na ndani yake umo mgomo wa mwaka 1948. Mimi nashinda na makaratasi: tamko la forodha, hati ya kutolea mzigo, gharama za kuhifadhi zinazopanda kila siku. Mzigo kwangu ni namba ya kontena. Kwenye Kuli mzigo una uzito. Uko mgongoni mwa mtu, unaweza kumuua, na mtu mwingine ndiye anayeamua alipwe nini. Jioni moja kwenye pantoni mzee mmoja aliona jalada. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akaniuliza, "Mwanangu, unakisoma hicho kwa mtihani?" Nikamwambia hapana, napenda tu. Akaniambia amebeba magunia ya korosho miaka mingi hapo nilipotoka, kabla kontena hazijatapakaa, na akanionyesha bega lake la kulia lilivyoshuka kuliko la kushoto. Hatukuongea zaidi kwa sababu tulikuwa tumefika. Kitabu hicho nakipa alama zote ninazoweza kutoa.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ndiyo iliyonitesa. Ilitoka mwaka 1971 na ikapigwa marufuku shuleni, kwa hiyo kwetu ilikuwa kitabu cha kunong'onezana. Vijana tulikuwa tukikitafuta kwa sababu ya zile sehemu walizosema hazifai. Nimekisoma sasa nikiwa na binti wa miaka tisa, na sehemu hizo si kitu. Kinachotisha ni Zakaria, baba yake Rosa. Mtu wa Ukerewe, mlevi, mkali, anayemlinda binti yake kwa fimbo. Rosa anafundishwa kumwogopa mwanamume mpaka asijue kuzungumza naye, na anapotoka nyumbani kwenda chuo hana kitu mkononi cha kujikinga nacho, kwa sababu ulinzi wote ulikuwa wa baba na baba hayupo.

Mimi si mlevi. Lakini mwezi ule nilikuwa nimemkaripia Nuru mbele ya watoto wenzake kwa sababu alikuwa akicheza mpira na wavulana wa jirani. Niliposoma jinsi Rosa anavyopigwa kwa ajili ya barua ya mvulana, nilihisi moto usoni. Nilimwita binti yangu, nikamwomba radhi, nikamwambia mpira aendelee kucheza. Nawashauri kina baba wasome kitabu hiki, na wakisome wakiwa peke yao kwanza. Mwandishi alifariki mwaka 2020, na naona huzuni kwamba nilikuwa nimemjua kwa miaka yote hiyo kama jina la kwenye orodha tu.

Za kusoma ukiwa umechoka: Muhammed Said Abdulla na mpelelezi wake, Bwana Msa mwenye kiko. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950, ikachapwa mwaka 1960, na bado inasomeka vizuri kabisa kwenye foleni. Unaweza kukatizwa na kondakta ukarudi bila kupoteza uzi. Shaaban Robert hawezekani hivyo. Nilijaribu Kusadikika ndani ya daladala nikashindwa, sentensi zake zinataka nafasi. Nikabadilisha utaratibu: alfajiri, kabla nyumba haijaamka, kurasa mbili au tatu kwa sauti ya chini. Hapo utetezi wa Karama, mshitakiwa wa hadithi hiyo, mbele ya mfalme ukaanza kunikolea, na nikaelewa kwamba mtu huyu aliandika ili asikike, si ili apitiwe kwa macho. Kwa bei na kwa wembamba wake hakuna kitabu kinachokupa zaidi, ila usikiharakishe.

Sasa Peponi, yaani Paradise ya Abdulrazak Gurnah kwa Kiswahili. Gurnah alipopata Nobel ya fasihi mwaka 2021 nami nilipatwa na shauku kama wengine, mtu wa Zanzibar huyo! Nikaazima Paradise kwa mtu ofisini. Kiingereza changu ni cha kazi na kinanitosha, lakini nilifika kama ukurasa wa arobaini nikairudisha. Kuna kitu kilikuwa kinanisumbua na sikukijua. Nilikijua nilipopata tafsiri ya Ida Hadjivayanis, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Watu wale walikuwa wakizungumza Kiswahili tangu mwanzo. Kwenye Kiingereza nilikuwa nikiwatafsiri kimoyomoyo kila wanapofungua kinywa, na ndiko kulikonichosha. Kwenye Peponi wamerudi kwao.

Yusuf ni mtoto wa miaka 12 anayechukuliwa na tajiri Aziz, mtu aliyezoea kumwita ami. Anafikiri anakwenda kutembea. Dukani anamkuta kijana Khalil, naye ndiye anayemfungua macho: huyu si ami yako, baba yako anadaiwa, na wewe ndiye deni. Nimekutana na riwaya nyingi zinazoeleza utumwa kwa minyororo. Hapa hakuna mnyororo. Kuna adabu, kuna bustani yenye maji, kuna tajiri mpole anayenukia vizuri, na mtoto ambaye hawezi kwenda nyumbani. Msafara wa bara unapoanza, na wachukuzi, na hongo kwa machifu, na Wajerumani wanaozidi kukaribia, nilikuwa nikisoma hadi saa saba za usiku.

Kasoro? Bei yake kwangu ilikuwa sawa na vitabu vitatu vya mitumba, na si kitabu cha foleni. Ukiacha siku nne unasahau nani ni nani. Mimi nilikimaliza kwa likizo ya Idi, nyumbani kwa mama Tanga. Mama haoni vizuri siku hizi, nikawa namsomea barazani baada ya alasiri. Mara kwa mara alinisimamisha, si kwa sababu hakuelewa bali alitaka kunieleza neno, au kunikumbusha kwamba fulani wa ukoo wetu naye aliletwa pwani akiwa mtoto na hakuna aliyejua kwao. Habari hiyo sikuwahi kuisikia kwa miaka yote niliyoishi naye.

Kwa asiye na pesa za kununua, au anayetafuta vitabu vilivyokwisha sokoni, ipo Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa mwaka 1967. Huko ndiko nilikosoma Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, Jumamosi mbili mfululizo, kwenye meza ya dirishani. Kiswahili chake cha Unguja kilinipeleka kwenye kamusi mara nyingi, na sikujali hata kidogo. Nimegundua nikiandika maneno mapya nyuma ya daftari la kazini yananikaa kuliko nikiyaandika kwenye simu.

Sasa hivi ninavyo viwili mkononi. Mungu Hakopeshwa ya Zainab Alwi Baharoon, iliyopata tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi, anayo mke wangu kwanza, na amekataa kuniambia chochote. Mimi ninayo Nagona ya Kezilahabi. Ni nyembamba sana, inaingia mfuko wa shati, nami nimeianza mara tatu bila kuushika mwanzo wake. Haifanani na Rosa Mistika hata kidogo, kama imeandikwa na mtu aliyeamka ndani ya ndoto ya mtu mwingine. Jumatatu naianza mara ya nne, alfajiri, kwa sauti. Aliyeimaliza naomba aniambie aliingilia mlango gani.