Siku Moja Krete: Kasri la Knossos au Pango la Psychro?

Msafiri mwenye siku moja tu Krete, kisiwa cha Ugiriki, anayetaka visasili, historia na chakula kwa pamoja, anaweza kuchagua kati ya kasri la Knossos na pango la Psychro, lililo kwenye uwanda wa juu wa Lasithi.

Knossos iko takriban kilomita 5 kutoka Heraklion, mji mkuu wa kisiwa, hivyo muda mwingi haupotei barabarani. Hapo ndipo masimulizi yanapomweka Mfalme Minos na Minotaur, kiumbe mwenye mwili wa mtu na kichwa cha fahali, aliyefungiwa ndani ya mzingile. Mwongozaji hodari ataeleza pia kwamba nguzo nyekundu zinazopigwa picha na kila mgeni zilijengwa upya kwa saruji chini ya usimamizi wa Arthur Evans, mwanaakiolojia Mwingereza aliyeanza uchimbuzi mkubwa mwaka 1900. Asipoeleza hivyo, mgeni huondoka akidhani ameona kazi ya Waminoa wenyewe, watu wa kale wa Krete, na hilo kwangu ni kasoro kubwa ya ziara.

Psychro haina kasri. Kuna ngazi zenye unyevu zinazoshuka gizani, mahali ambapo inasimuliwa kuwa mungu wa kike Rhea alimficha mwanawe Zeus, mkuu wa miungu ya Wagiriki wa kale, asimezwe na baba yake, Kronos. Kwa historia, Knossos inashinda waziwazi. Kwa chakula, ningechagua Lasithi: kula dakos, yaani mkate mkavu wa shayiri uliolowanishwa kidogo, ukawekwa nyanya iliyokwaruzwa, jibini ya mizithra na mafuta ya zeituni, kunapendeza zaidi katika kijiji kilichozungukwa na mashamba ya viazi.