Kliniki ya kontroli ya moyo wa watoto, Ibanda: kupima wanajua, kufuatilia bado

Wazazi wenzangu wa Bukavu, naandika hii juu ya wale wenye watoto walipasuliwa moyo India ama Kigali, wakarudi salama, na sasa wanauliza kontroli wafanyie wapi. Jina la kliniki sitaliweka kwa sababu kuko mambo nitayalaumu, lakini wenye kukaa Ibanda wanaijua.

Binti yetu alizaliwa na tetralojia ya Falo, kasoro nne ndani ya moyo mumoja. Walimuziba tundu, wakapanua njia ya damu ya kwenda kwenye mapafu, midomo ikaacha kuwa bluu, na familia yote ikasema Mungu asifiwe, imeisha. Haiishake. Kwa watoto wengi wa Falo valvu ya mapafu, ule mlango wa damu ya kwenda kwenye mapafu, inabaki inavuja, mtoto anakimbia, anasoma, anamaliza sahani ya fufu, na wakati huo chumba cha kuume cha moyo kinapanuka polepole, miaka na miaka, bila yeye kulalamika. Ndiyo maana dokta wa kuweka stetoskopu mara moja na kusema "mtoto yuko muzuri, muende" mimi simtaki tena.

Hapa wanapima kweli. Kilo, urefu, tansio (presha ya damu), oksijeni kwenye kidole, elektro (kipimo cha umeme wa moyo), eko (picha ya moyo ya mawimbi ya sauti). Na kitu kilichonifurahisha zaidi ni kwamba dokta anafungua karne, yaani daftari la mtoto, anatafuta eko ya zamani, anaiweka pembeni ya ile ya leo na kutuonyesha chumba kilikuwa na ukubwa gani na sasa kiko na gani, hata kwenye elektro anapima upana wa alama ya pigo la moyo, wanaiita QRS, kwa milisekunde, kwa sababu kwa watoto wa Falo ikizidi kupanuka ni onyo kwamba mapigo yanaweza kuharibika. Namba ya leo peke yake haisemi mengi.

Tena kwenye ukurasa wa kwanza wa karne wanaandika oksijeni ya kawaida ya mtoto HUYO. Msiidharau hii. Mtoto mwenye kufanyiwa operesheni ya Glenn, yaani bado yuko katikati ya safari ya operesheni, anaweza kuwa na asilimia 80 na dokta asishtuke, lakini binti yetu mwenye kutengenezwa kabisa akifika 80 ni kukimbia hospitali, hata kama Bukavu tuko juu, karibu metre 1,500, na oksijeni ya huku inashuka kidogo. Infirmie mugeni akisoma ule ukurasa anajua mara moja. Na dozi wanaihesabu upya kila mtoto akiongeza kilo, kuko mahali pengine nimeona mtoto anakunywa furosemide (dawa ya kutoa maji mwilini) ileile ya toka alipotoka operesheni na nguo zote zimeshamubana.

Sasa lawama. Ukikosa randevu, hakuna mwenye kukupigia. Mama mumoja tulikaa naye kwenye benchi, mtoto wake ana valvu ya chuma na anakunywa warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, damu yake inatakiwa kupimwa INR (kipimo cha damu kuchelewa kuganda) kila mara, ikishuka damu inaganda kwenye valvu, ikipanda mtoto anavuja damu. Alikosa pesa ya kuja, miezi ikapita, telefone haikulia hata siku moja! Niliuliza pale mapokezi: kati ya watoto wote wenye kufuatwa hapa, wangapi walipashwa kurudi mwezi huu na hawakurudi? Hakuna mwenye kuweza kunijibu, hakuna rejista ya hivyo. Kwangu hilo ndilo swali la kwanza la ubora, juu eko nzuri inamusaidia tu mtoto mwenye kufika.

Na haiombe mashini kubwa. Kule Milwaukee, Marekani, toka mwaka 2000 walianza kuwapa wazazi wa watoto wadogo sana, wenye kusubiri operesheni ya pili, mizani na kipima oksijeni vya nyumbani, mtoto asipoongeza gramu 20 kwa siku 3 mama anapiga telefone, na vifo vya ule muda wa kusubiri vikapungua sana. Kazi kubwa pale ilikuwa mzazi kupima na mtu kujibu telefone. Hapa namba ya kliniki inazimwa Ijumaa jioni.

Meno pia wanayasahau. Mtoto mwenye valvu ya kuwekwa, ama mwenye kiraka kisichofikisha miezi 6, anapashwa kunywa antibiotiki kabla ya kung'olewa jino, ili vidudu vya mdomoni visifike kwenye moyo. Ni sisi tuliuliza. Na wa warfarin asichomwe sindano ya makalio kwenye santre ya mtaa, musuli unaweza kujaa damu. Kikaratasi kimoja cha kumupa kila mzazi kingetosha.

Nota yangu 3 juu ya 5. Wakifungua daftari la wenye kukosa randevu na kuweka telefone moja ya wikendi naongeza mara moja. Mukienda, mubebe rapo yenyewe ya operesheni pamoja na eko ya mwisho ya kule mulipopasulia, na mudai kopi ya kila eko ya hapa kabla ya kutoka mlangoni.